Kijiti cha Mpera na Tangi la Madumu Matano

Mimi ni mtoto wa Ujiji, na sisi wa Ujiji tumejaliwa vitu viwili: kukaanga migebuka na kusema. Kukaanga sikujaliwa sana. Mama alikuwa akisema samaki wangu wanafaa kushonea viatu. Kusema ndiko nilikopewa mafungu mawili, langu na la dada yangu mpole. Na mdomo huo ndio uliotaka kumponza mtu asiye na kosa, kwa ajili ya lori bovu, kijiti cha mpera na dizeli. Leo nacheka nikisimulia. Siku zile sikucheka hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kwa watu wa mbali hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwetu Kigoma ilikuwa foleni ya bombani, maharage yaliyoadimika, na wageni uliolala nao chumba kimoja bila kujua watakaa wiki au miaka. Wengine walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa miguu kutoka Burundi, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Kambi zikafunguliwa, na kambi zinataka unga, maharage, mablanketi na sabuni, na vitu hivyo havina miguu. Ndipo nikapata kazi ya ukarani wa magari kwenye yadi moja huko Bangwe, yadi yenye ghala kubwa, malori manne, na ziwa lote chini yetu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: nijue kila lori limeondoka na mafuta kiasi gani na limerudi na kiasi gani. Malori matatu yalikuwa na mishale ya mafuta inayofanya kazi. La nne, kuukuu kuliko yote, mshale wake ulikufa siku ulipokuwa unaonyesha tangi limejaa, ukabaki hapo hapo. Dereva wake alikuwa akisema kwamba gari lile lina imani kutuzidi sisi sote, maana halijui upungufu.

Dereva huyo alikuwa Muha wa Simbo, mtu mzima aliyevuka hamsini, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote mpaka kooni hata jua likiwaka vipi. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo anaanza na "ehee", kisha ananyamaza, na mtu kama mimi kunyamaziwa kunanichoma kuliko kutukanwa. Alikuwa na nyumba juu ya yadi, huko huko Bangwe, na wakati ule ilikuwa na watu kumi na mmoja: yeye, mkewe, watoto wao watatu, na ndugu sita wa mkewe, wakubwa na watoto, waliokimbia vita, ambao alikataa katakata wapelekwe kambini. Sita wale walikula kwa mshahara wa lori. Hilo nililijua, na kila mtu pale yadi alilijua.

Tangi la lori lake lilikuwa la lita mia, yaani madumu matano ya lita ishirini. Kambi tuliyoihudumia ilikuwa mbele ya Kasulu, kwenda na kurudi siku moja kama mvua haikuharibu njia. Yeye alikuwa na kauli moja isiyobadilika, kwamba tangi likijaa linafika kambini, linarudi, na linabakiza dumu zima. Madumu manne yanaliwa na njia, la tano linarudi nyumbani. Alisema hivyo miaka yote ambayo mshale ulikuwa mzima, na mshale ulimuunga mkono.

Mshale ulipokufa nikasema, haidhuru, nitatengeneza wangu. Nikakata kijiti cha mpera nyuma ya nyumba yetu, kimenyooka vizuri, nikakimenya gome. Asubuhi moja lori likiwa limesimama mbele ya ghala tukalimaliza mafuta yote kwa mpira, kisha nikaanza kumimina dumu moja moja. Kila dumu nikitia, nachovya kijiti kupitia kwenye mdomo wa tangi, ambao kwa lori lile ulikuwa upande wa mbele, nakitoa, na pale kilipolowa nakata alama kwa kisu. Dumu la kwanza alama moja, la pili alama ya pili, mpaka la tano, mafuta yakachungulia mdomoni. Kilipokamilika nilikitazama kwa fahari, wallahi, nikaona nimesomea uhandisi. Nikakitundika ofisini kwa kamba na kukataza mtu yeyote asikiguse.

Utaratibu wa ghala ulikuwa huu. Asubuhi lori likija kupakia linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni mwa ghala, kichwa kikiangalia ziwani, ili makuli wapakie kwa nyuma. Hapo ndipo tulipolijaza mafuta, kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa, tunazungusha mkono wa pampu mpaka dizeli ionekane, basi, limejaa. Jioni likirudi halina haja ya kupakia, linaingia moja kwa moja na kusimama, kichwa kikiangalia ghala. Nami natoka na kijiti changu, nachovya, nasoma.

Safari ya kwanza nilipochovya, kijiti kilirudi kimelowa nchani tu. Hata alama ya kwanza hakikuifikia. Nikamuuliza dereva dumu la tano liko wapi. Akasema ehee. Kisha akasema labda njia, mvua zimeikata, lori limepanda sana kwa gia ndogo. Nikakubali kwa shingo upande. Safari ya pili yakawa yale yale. Ya tatu vile vile. Dumu zima, kila safari, linayeyuka.

Na hapo ndipo mafuta yalipoadimika. Dizeli yetu ilikuja kwa treni, na mvua zilikuwa zimekula reli mahali fulani huko bara, mabehewa yakakwama. Kigoma nzima ikawa inanusa mapipa. Mashine za kusaga zikasimama moja baada ya nyingine, watu wakarudia vinu. Isipokuwa mashine moja ya Simbo, ambayo iliendelea kunguruma, na kuli mmoja akaniletea umbea kwamba lori letu kuukuu huwa linasimama Simbo kila safari, karibu kabisa na mashine ile.

Jamani, umbea ni mtamu. Nilijumlisha moja na moja nikapata kumi na moja. Jioni ya safari ya tatu, madereva wenzake wote wakiwa wamekaa kwenye matairi wanakunywa kahawa, nikatoka na kijiti mkononi nikakiinua juu wakione, nikamwambia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka gatini:

"Mafuta hayana miguu, mzee. Kama hayakutembea, yametembezwa."

Yeye alinitazama, akafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa, akaondoka kwenda kwake kwa miguu, polepole. Nilijisikia nimeshinda. Nasema kweli, nilirudi Ujiji siku ile nimejaa kifua.

Asubuhi yake msimamizi wa yadi akatuita wawili. Alikuwa mtu wa kaskazini aliyehamishiwa kwetu, mnyoofu, si mkali ila mwenye kusimamia neno lake. Akasema wizi wa mafuta wakati wa shida kama ile hawezi kuufumbia macho, lakini pia hafukuzi mtu kwa umbea. Itafanyika safari moja zaidi, na karani atapanda lori mwenyewe, aende na arudi, kijiti mkononi. Dumu la tano likirudi, maneno yameisha. Lisiporudi, dereva akabidhi funguo siku hiyo hiyo.

Nilitegemea mzee atalalamika. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Njoo, mwanangu. Kaa mbele, uone kwa macho yako."

Tukaondoka alfajiri, lori limejaa magunia ya mahindi, tangi limejaa mpaka mdomoni. Nilikaa kando yake kama askari, kijiti mapajani, begi langu miguuni, mkate wa kumimina ndani ya begi. Niliapa sitalala na sitacheka.

Kutocheka kulinishinda mapema. Hujapata kumwona mtu anayebana mafuta kama yule mzee. Gari alilikanyaga kwa ncha ya kidole gumba. Kandambili ya mguu wa kulia aliivua na kuiweka kando, akasema ngozi ya mguu inasikia injini, mpira hausikii. Mlima ukionekana mbele, anauanza kutoka mbali, taratibu, ili asije akaukanyagia mafuta katikati. Mteremko akiuona anaachia mguu, lori linajiendea kwa gia, lakini hakuthubutu kutoa gia kabisa, alisema wanaofanya hivyo wako wengi na makaburi yao yako njiani. Ng'ombe wakiwa barabarani hapigi breki na kuondoka tena. Anaanza kupunguza mwendo tangu wako mbali, anafika wameshapita. Nikamuuliza kwa nini hapigi honi. Akasema honi haili mafuta, lakini inamfanya dereva awe na haraka, na haraka ndiyo inayokula. Aliniambia pia kuna watu wanajaza upepo nusu kwenye matairi ili lori lisiruke ruke, kisha wanashangaa tangi linaisha Kasulu. Njia yote mpaka Simbo alinisomesha, mtu ambaye miezi yote nilidhani hana maneno. Kumbe maneno anayo, ila ni ya mafuta tu.

Simbo tukasimama. Nikashuka upesi upesi, macho yote kwenye ile mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa ng'ambo ya njia. Mzee hata hakuitazama. Alichukua kipande cha sabuni na chumvi kutoka chini ya kiti, akaingia nyumba ya kando ya njia ambako mama yake mzazi, kikongwe kweli, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Mzee mwenye mvi akapiga goti. Wakaamkiana mwakeye, mwakeye, kisha maneno ya Kiha ambayo sikuyapata yote. Nami nikaamkia shikamoo, kikongwe akanishika mkono asiuachie, akamuuliza mwanawe kama mimi ni binti wa kazini kwao. Mzee akajibu ndiyo, ni mkubwa wangu huyu, kaja kuangalia kazi yangu. Hakusema kaja kuangalia wizi wangu.

Ndipo nikachovya kijiti, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Kilikuwa kimeshuka kuliko nilivyotarajia. Safari fupi kama ile, na karibu alama nzima imekwenda! Nikazunguka lori, nikachungulia chini, hakuna tone. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya lori, hakuna aliyelikaribia tangi. Nikasema moyoni, basi ni lori lenyewe, jizi ni lori.

Tukapanda mlima wa kuelekea Kasulu. Katikati ya mpando injini ikachemka, mzee akaegesha pembeni, kichwa juu, jiwe nyuma ya tairi, akasubiri ipoe aongeze maji. Nikashuka na kijiti. Nikachovya. Nusu ya tangi haipo.

Hapo nikapigwa na baridi, na jua lilikuwa kali. Kambi bado iko mbali, nusu ya mafuta imekwisha, dizeli hakuna Kasulu wala popote, na mimi nimo ndani ya lori lile. Nikamwonyesha mzee kijiti. Akakitazama sana. Akapitisha kidole kwenye alama moja moja, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba mtu huyu anaogopa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wale ndugu sita wa mkewe, mmoja ana mimba ya miezi saba, na kambini alikokwisha kupeleka mizigo mara nyingi anajua mama mjamzito anavyolala. Kisha akamimina maji kwenye rejeta.

Tukaenda mpaka juu. Kule juu njia inaanza kushuka, na hatukuwa tumeteremka sana aliposikia jiwe limebanwa kati ya matairi ya nyuma. Akasimama pale pale kwenye mteremko, kichwa chini, akashuka kulitoa. Mimi nami nikashuka, si kwa sababu nilitaka kujua tena, bali kwa hofu, kama mtu mwenye jino bovu asiyeweza kuacha kuligusa kwa ulimi. Nikafungua mfuniko, nikachovya.

Kijiti kikatoka kimelowa mpaka karibu na alama ya nne.

Nikakifuta kwa kanga, nikachovya tena. Karibu na alama ya nne. Nikamwita mzee. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: tangi limezaa! Tumepanda mlima na mzigo wote ule, hakuna aliyetia hata kikombe, na mafuta yameongezeka. Mzee akakichukua kijiti, akakitazama, akatazama njia tulikotoka, akatazama njia tunakokwenda. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya yadi. Alicheka. Alicheka mpaka akafungua kifungo cha shati.

"Kama mimi naiba, mwanangu," akasema, "basi hapa nimerudisha."

Akaenda kwenye kabini akaleta chupa yake ya maji, iliyobaki nusu. Akailaza, akainamisha shingo yake chini. Maji yakakimbilia shingoni. Akaiinua shingo juu. Maji yakakimbilia kitakoni, shingo ikakauka.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya njia. Mdomo wa tangi uko mbele. Lori likiangalia chini, mafuta yanakuja mbele, kijiti kinalowa. Likiangalia juu, mafuta yanakimbilia nyuma, kijiti kinakauka. Na mimi nilikata alama zangu zote lori likiangalia ziwani, halafu nikawa nasoma lori likiangalia ghala. Mtu wa Tabora au Dodoma hawezi kufanya kosa lile, maana kwao ardhi imelala. Sisi wa Kigoma tumezaliwa kwenye mteremko, tunacheza kwenye mteremko, mpira ukitoka unaufuata mpaka ziwani, na kipande chochote ambacho mtu anaweza kusimama bila kushika kitu tunakiita tambarare. Yadi ile tuliiita tambarare. Miaka yote hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba imeinama.

Na ishara nilikuwa nayo, mjinga mimi. Mapipa ya dizeli pale ghalani yalikuwa yanachelewa kuisha kuliko nilivyokadiria kwa kijiti. Mwizi gani anaiba mafuta na pipa linabaki? Niliyaona yanabaki, nikasema Alhamdulillahi, nikafunga mlango. Nyani haoni kundule.

Kambini tulishusha mahindi. Nikamwomba mzee alisimamishe lori mahali palipo sawa kweli kweli, nikachovya; kisha akalipandisha kichwa juu ya kichuguu, nikachovya; kisha kinyume. Watu wakakusanyika. Amahoro, amahoro, tukasalimiana, na mama mmoja mkimbizi akamuuliza mzee kwa Kirundi kama lori linaumwa. Mzee akamjibu, akanitafsiria kwamba amemwambia lori ni zima, mgonjwa ni kijiti. Wakacheka wote, nami nikacheka nao, lakini moyo wangu ulikuwa Bangwe.

Maana njiani kurudi shetani alikaa kati yetu kwenye kiti. Alininong'oneza kwamba hakuna haja ya kusema yote. Naweza kumwambia msimamizi safari hii mafuta yametimia, mambo yameisha, mzee anabaki na kazi, na mimi nabaki karani hodari aliyemfanya mwizi aogope. Nani atajua? Mzee hakuniuliza nitasema nini. Aliendesha kwa ncha ya kidole gumba, akaongea habari ya upepo wa matairi. Nilimshukuru kwa kutoniuliza na nikamchukia kwa kutoniuliza.

Tukaingia yadi jua bado lipo juu ya milima ya Kongo. Madereva wote walikuwapo, makuli walikuwapo, na msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Mzee akaegesha kama kawaida, kichwa kikiangalia ghala. Msimamizi akanyoosha mkono, nikampa kijiti, akachovya mwenyewe. Kikatoka kimelowa nchani tu. Akamtazama mzee kwa masikitiko, akanyoosha mkono wa pili apokee funguo. Mzee akaanza kuzitoa mfukoni.

Nikasema subiri. Nikamwomba msimamizi kwa heshima zote amruhusu mzee aligeuze lori, kichwa kiangalie ziwani, jambo la dakika mbili tu. Likageuzwa. Nikamwomba achovye tena. Akachovya. Alama ya kwanza, barabara, dumu zima, lita ishirini zilizokaa ndani ya tangi zikitusubiri. Akachovya tena na tena. Madereva wakasimama kwenye matairi waone.

Msimamizi akanigeukia. "Na zile safari tatu?"

"Zote tatu mwizi ni kijiti," nikasema, "na kijiti nilikikata mimi. Mzee hajaiba hata tone."

Niliyasema kwa sauti ile ile niliyosemea ya kwanza. Nilitaka yafike mpaka gatini. Dereva mmoja akaanza kucheka, na yadi nzima ikaangua kicheko. Wiki nzima nikipita walikuwa wanajiinamisha upande mmoja. Msimamizi akaagiza lori lipimwe likiangalia ziwani, siku zote, akamrudishia mzee heshima yake kwa kumpa mkono mbele ya watu. Mzee akasema ehee, akatia funguo mfukoni, akaenda kunawa.

Nikadhani yameisha. Nikamsimulia mama nyumbani, nikitegemea atanisifu kwa kusema kweli. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho.

"Umemtukana yadi, umemsafisha yadi," akasema. "Na mkewe, anafanya kazi yadi?"

Basi Jumapili nikachukua sukari, majani ya chai na kanga mpya ya kujifunga kiheshima, nikapanda Bangwe mpaka nyumbani kwa mzee. Nikabisha hodi. Nikakaribishwa uani. Walikuwapo wote kumi na mmoja, yule mwenye mimba amekaa kwenye kigoda. Mzee akanipokea kwa furaha, akasema hakukuwa na haja. Mkewe, mwanamke mnene mwenye macho ya kutazama moja kwa moja, hakusema kwamba hakukuwa na haja. Nilimpa sukari kwa mikono miwili nikaomba radhi. Hakuipokea.

"Mimi nilijua mume wangu si mwizi," akasema. "Nimelala naye miaka ishirini. Hao ndio waliokuwa hawajui." Akaonyesha watoto, wa kwake na wa nduguze. "Bombani waliitwa watoto wa mwizi wa dizeli. Huyu mdogo alirudi na ndoo tupu. Waambie wao."

Sikuwa nimewaza habari hiyo hata mara moja. Nilikuwa nimewaza kazi, nimewaza mshahara, nimewaza jina langu mwenyewe sana. Sukari ikawa nzito mikononi.

Nikaiweka sukari chini, nikachuchumaa mbele ya watoto. Nikaomba chupa. Wakaleta, nikaijaza maji nusu, nikailaza, nikaiinamisha huku na huku kama baba yao alivyofanya njiani. Nikawaambia, mie shangazi yenu nina mdomo mkubwa na akili ndogo. Nilisimama mahali palipoinama nikadhani dunia imenyooka. Baba yenu hakuiba. Niliyekosa ni mimi, na atakayewaita tena watoto wa mwizi, mleteni kwangu Ujiji nimwonyeshe chupa. Yule mdogo aliyerudi na ndoo tupu akaninyang'anya chupa, akaiinamisha mwenyewe, akaona shingo imekauka, akasema kumbe maji hayajaenda popote. Nikasema ndiyo, mwanangu, hayajaenda popote. Akacheka, na wenzake wakacheka.

Ndipo mama mwenye nyumba akainama, akaichukua sukari. Akamwambia yule mwenye mimba asiinuke, ataipika chai mwenyewe. Akaleta kigoda, akakizungusha uani huku na kule, akabonyeza miguu yake ardhini mpaka kikatulia, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza bila hasira.

"Kaa hapa, binti," akasema. "Hapa ndipo palipo sawa."